Shemeji Nisimulie na Kidonge cha Maji

Tangu dada yangu aolewe na muuguzi, nyumbani kwetu hakuna tena kutumwa kitu ukajibu "sawa" ukaondoka zako. Utazuiwa mlangoni. "Shemeji, hebu nisimulie. Unakwenda kununua nini?" Na wewe, mtu mzima mwenye cherehani yako na wateja wako, utasimama pale usimulie: sukari, mkate, betri ndogo za redio. Mara ya kwanza nilimjibu kwamba mimi si mgonjwa wake, nikaondoka kwa maringo. Nikarudi na betri kubwa. Siku hiyo, kwa hasira, nikambandika jina la Nisimulie, na limemganda mpaka leo. Hata mama yake mzazi anamwita hivyo.

Ni mwanamume mrefu, mwembamba, anayetembea kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji. Viatu vyake vyeupe anavisugua kwa mswaki uliochakaa. Dada alipomleta nyumbani kumtambulisha, nilimvuta jikoni nikamnong'oneza, "Huyu ukimkumbatia kwa nguvu si atavunjika?" Dada akanifinya. Hajavunjika, na sasa wana watoto wanaojua kusimulia kuliko kuongea.

Siku moja nikamtolea uvivu. "Kwa nini huwezi kuuliza watu 'umeelewa?' kama binadamu wengine?"

"Shemeji," akaniambia, "duniani hakuna swali bovu kama hilo. Ukimwuliza mtu umeelewa, atasema nimeelewa, hata kama umemweleza kwa lugha ya samaki. Mmoja anaogopa kuonekana mjinga. Mwingine anakuonea huruma kwa jinsi ulivyojitahidi. Mwingine anataka tu kwenda kwake. Mwambie akusimulie, ndipo utajua kipi kimeingia na kipi kimemwagika njiani."

Nilipata kumwona kazini nilipopewa kazi ya kushona mapazia ya wodi yao. Nilikuwa juu ya kiti natundika, yeye anapita na toroli la dawa. Akafika kitanda cha kinyozi wetu, mzee aliyemnyoa Nisimulie tangu akiwa mtoto hajaota meno. Kinyozi akafungua mdomo tayari kumeza. Nisimulie akashika mkono wake, akasoma bendi ya jina kwenye kifundo, kisha akauliza, "Mzee, jina lako nani?"

Loo! Wodi nzima iligeuka. "Wewe!" kinyozi akang'aka. "Kichwa hicho nimekishika miaka yote hiyo, leo hunijui jina?"

"Nakujua, mzee. Kidonge ndicho hakikujui."

Kinyozi akataja jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti ya kumkomoa. Nisimulie akasikiliza mpaka mwisho, akalinganisha na karatasi, ndipo akampa. Mimi nilicheka nusura nianguke na fimbo ya pazia. Nikajisemea, huyu mwanamume anachosha, lakini nikiugua, aniuguze yeye.

Aliyekuja kuugua akawa Mama.

Mama yetu ni mtu wa mashauri. Mtaani watu wakigombana, mume na mke, mpangaji na mpangaji, ndugu na ndugu, huishia sebuleni kwake. Wanaanza kuja jua likiingia dirishani na wanaondoka mchana watu wakienda kula. Mama hukaa kwenye kiti chake cha mkono mmoja, mwingine ulikatika zamani, na kazi yake kubwa ni kutoinuka. Anasema mtu akishaanza kulia, ukiinuka umemfunga mdomo. Nyumba yenyewe ni vyumba safu mbili vinavyotazamana, katikati uwanja, na msala uko mwisho kabisa, mlango wa bati wenye bawaba zinazolia. Ukienda, wapangaji wote wanajua umekwenda. Ukikawia, wanajua pia.

Basi akaanza kuchoka. Viatu vikawa vinambana, akipanda ngazi mbili tu za mlangoni anashika ukuta. Hospitali wakasema moyo umechoka, hausukumi damu kama zamani, ndiyo maana maji yanabaki miguuni na kifuani. Akalazwa, akapata nafuu, akaruhusiwa kurudi nyumbani na dawa zake. Dada akasema, "Tuna bahati, muuguzi tunaye kwenye familia."

Sasa, Mama na mkwewe. Mambo ya mkwe unayajua, sina haja ya kukufundisha. Wanapendana, tena sana. Mama haoni embe zuri sokoni asimwekee. Lakini macho hayakutani. Nisimulie akija hukaa kiti cha karibu na mlango, magoti pamoja. Mama huvuta mtandio mpaka kwenye nyusi na kugeukia ukutani. Wakiongea, ungedhani kila mmoja anaongea na kalenda.

Ndivyo somo la dawa lilivyokwenda. Nisimulie akapanga vidonge mezani, akaielezea kalenda. Hiki cha njano cha presha. Hiki cha waridi kinausaidia moyo. "Na hiki cheupe kidogo, Mama, cha asubuhi, kinapunguza maji mwilini."

"Alhamdulillahi," Mama akaijibu kalenda.

"Sasa nisimulie, Mama."

Mama akasimulia. Rangi, saa, kazi ya kila kimoja, bila kukosa hata nukta. Nisimulie alifurahi mpaka masikio yakasogea. Nami nilikuwepo nikikata uzi, na kichwani likanipitia swali: hayo maji yanapungua kupitia wapi? Mkwe hakusema. Mama hakuuliza. Kwa walivyokuwa wanaheshimiana, pengine yangeondoka yenyewe kama umande.

Haikupita muda, miguu ikaanza kuvimba tena. Mama akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na akiongea sentensi anaikata katikati kutafuta pumzi. Dada akamwuliza, "Dawa unakunywa?" Akajibu, "Nakunywa, mwulize mumeo." Kila Jumapili Nisimulie anakuja, kila Jumapili Mama anaisimulia kalenda bila kosa. Na kila Jumapili sauti imepungua.

Mimi sina breki ya mdomo, hilo linajulikana. Nilimfuata kazini nikampa za uso mbele ya wenzake. "Nisimulie, Nisimulie, kila siku Nisimulie! Mama anasimulia huku anazama! Hizo dawa zako zinafanya nini?"

Aliweka tu kalamu mfukoni, akaniambia, "Mlete leo, shemeji. Na mlete na dawa zake zote."

Tukamleta. Daktari alikuwa mwanamama mchangamfu, mwenye mikono ya moto. Akampima Mama, akabonyeza miguu, kidole kikaacha shimo. Akauliza, "Dawa za nyumbani anakunywa?"

"Anakunywa, daktari," Nisimulie akajibu. "Nimemfundisha mwenyewe. Hakosei hata neno."

"Kama anakunywa zote na maji yamejaa hivi, basi kidonge kimemshinda. Tutaingia na sindano, dozi kubwa." Akaandika. Dawa hiyo haikuwepo wodini, mfamasia akatumwa kuitoa ghala kuu. Wakati wa kusubiri, daktari akasema apewe kidonge chake cheupe cha kila siku, maana asubuhi hiyo tulitoka nyumbani kwa haraka.

Kwa kuwa ni mkwe, Nisimulie alimwachia kitanda cha Mama muuguzi mwenzake, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha wodi. Huyo ndiye aliyempa kidonge, akasimama mpaka kikapita kooni. Akavuta mojawapo ya mapazia yangu, akaleta kiti chenye chombo cha haja ndogo.

Nisimulie alikuwa upande wa pili wa wodi akihudumia wengine. Lakini nilimwona akitazama. Mwenzake akapita na chombo kwenda kumwaga. Baada ya muda akapita tena. Akapita tena. "Mama yenu leo ni mto!" akaniambia, akacheka. Kufika mchana Mama alikuwa analala chali kidogo, akanituma chai, na sentensi yake ilifika mwisho bila kukatika. Nilitaka kuruka.

Ndipo sindano ikafika. Kwao, dawa kali kama hiyo lazima wauguzi wawili waihakiki. Wakasimama mezani, karatasi wazi. Mwenzake anasoma, Nisimulie anafuata kwa kidole. Jina, ndilo. Dawa, ndiyo. Kipimo, ndicho kilichoandikwa. Njia, saa, vyote sawa. Mwenzake akainua sindano. Nisimulie akaitazama, akasema, "Hebu iweke chini."

"Kuna kosa?"

"Sijui. Kidonge kilekile. Nyumbani wiki zote hizi hakikufanya kitu, hapa kimefanya kazi asubuhi moja. Ngoja nimpigie daktari."

Mimi hapo damu ikanichemka. Nikasimama. "Ebo! Daktari ameandika, dawa imefika, mwasubiri nini? Mnasubiri Mama azidiwe tena?"

Akanivuta pembeni. Sijawahi kumwona na uso ule. "Shemeji, nisikilize. Sindano hii imepimwa kwa mtu ambaye kidonge kimemshinda. Na daktari kaamini kimemshinda kwa sababu mimi nilimwambia anakunywa. Kama hakuwa anakunywa, tukamchoma hii juu ya kile cha asubuhi, presha inaporomoka. Anasimama, anaanguka. Figo zinaumia. Mama tunaweza kumpoteza kwa neno langu."

Nikanywea. "Basi muulize."

"Nimuulizeje? Mimi ni mkwe."

Akamtuma mwenzake kwanza. Mama akamjibu kwa heshima zake zote, "Nakunywa zote, mwanangu. Mwulizeni mkwe wangu, ananisikia kila Jumapili." Nikamwendea mimi. Nilianza kwa upole, nikamaliza kwa methali. "Mama, mficha maradhi kifo humuumbua!" Mama akafumba macho, akavuta shuka. Nikajua nimeharibu.

Nisimulie akachukua kigoda, akakiweka nje ya pazia, upande asioonekana, akakaa. Mimi nilikuwa ndani, kitandani kwa Mama. Nikaona tu ncha za vile viatu vyeupe chini ya pindo nililolishona mwenyewe.

"Mama, ni mimi."

"Nakusikia, baba."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Mama akafumbua macho. "Kwa lipi tena?"

"Nilikufundisha vibaya. Nilikwambia kidonge cheupe kinapunguza maji, sikukwambia maji yanapita wapi. Niliona haya. Mgonjwa mwingine yeyote ningemwambia, hiki kitakupeleka msalani mara nyingi, tupange tutafanyaje. Wewe nilikuheshimu mpaka nikakunyima haki yako."

Vidole vya Mama vilikuwa vinakunja pembe ya shuka, vinaikunjua.

"Leo sitaki unisimulie dawa, Mama. Hizo unazijua kuliko mimi. Nisimulie asubuhi yako. Tangu unapoamka. Mimi niko huku, sikuoni."

Nilidhani hatasema. Akaanza polepole. Kwamba anaamka kabla ya wapangaji, akaswali. Anafagia kizingiti, maana hapendi mgeni akanyage taka. Anachemsha chai, anakunywa na kile cha njano na kile cha waridi. Anakaa kitini. Mgeni wa kwanza anabisha hodi, anakaa. Wa pili anabisha.

"Na kidonge cheupe, Mama? Hapo kinaingia wapi?"

Wodi ilikuwa na kelele zake zote, lakini mimi sikusikia hata moja.

"Hakiingii, baba," Mama akasema.

Viatu vyeupe havikusogea. Mama akaendelea, safari hii bila kuulizwa, sauti imeshuka. "Siku za mwanzo nilikimeza. Siku moja walikuja yule fundi wa kupaka rangi na mkewe. Mke analia, anataka kurudi kwao. Nikainuka mara ya kwanza, nikavuka uwanja, watu wote wananitazama. Nikarudi, akaanza upya kulia, nikainuka tena. Mara ya tatu niliporudi nikakuta kiti kitupu. Wameondoka. Wakaachana, baba. Wana watoto wadogo. Nikasema siwezi kuvunja nyumba za watu kwa ajili ya kidonge. Tangu hapo nakitumbukiza kwenye masalio ya chai, namwaga."

"Mbona hukuniambia hata mimi, Mama?" nikamwuliza. Nilikuwa nimeanza kulia, tena kwa hasira, sijui hasira ya nani.

"Ningemwambiaje mkwe wangu mambo ya msala? Na ningekwambia wewe, si ungemwambia yeye?" Hapo alinipata. "Halafu nikisimulia, sauti yake inafurahi. Kijana wa watu anatoka kazini amechoka, anakuja mpaka kwangu. Nilitaka aondoke amefurahi."

Nikasikia nje ya pazia mtu anavuta pumzi na kuitoa. "Ahsante, Mama," Nisimulie akasema, na sauti haikuwa yake. "Leo ndiyo umenifurahisha. Hizo Jumapili zote, mimi nilikuwa nakusikiliza ulimi, sikukusikiliza wewe."

Daktari alikuja. Nisimulie akamweleza yote pale kitandani, hakupunguza lake hata kidogo. "Mimi ndiye niliyekwambia anakunywa, daktari. Neno lilikuwa langu."

Daktari akafuta sindano kwenye karatasi kwa mstari mmoja. "Na la leo pia ni lako," akamjibu. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda cha Mama. "Mama, wageni wako wanaondoka saa ngapi?"

"Mchana, watu wakienda kula."

"Basi kidonge cheupe tukihamishe. Wakishaondoka tu, ndipo ukinywe. Kisisogee mpaka jioni, kitakunyima usingizi. Itawezekana?"

Mama akamtazama kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Kumbe kinahama?"

"Kinahama, Mama. Ila tuulizane kwanza kabla ya kukihamisha."

Yule muuguzi mnene akacheka mpaka kinyozi, aliyekuwa amekuja kliniki yake, akachungulia mlangoni kuuliza kuna harusi gani.

Mama alipotoka hospitali, na mimi nikafanya la kwangu. Nilipaka mafuta bawaba za mlango wa bati, na nikashona pazia refu la kitambaa kizito, kuanzia mlango wake wa nyuma mpaka msalani, mtu apite bila kuhesabiwa hatua na wapangaji. Mmoja akaniuliza ni la nini. Nikamwambia ni la macho yako.

Miguu ikarudi kuwa miguu. Viatu vikamwingia. Kila Jumapili Nisimulie anakuja bado, kiti kilekile cha karibu na mlango, magoti pamoja, na Mama bado anaielekea kalenda. Ila sasa haulizwi rangi za vidonge. Anaulizwa, "Mama, wiki hii kipi kimekusumbua?" Na anasema. Wiki moja alisema cha njano kinamkausha mdomo, kikazungumziwa. Wiki nyingine alisema hakuna kinachomsumbua isipokuwa mimi.

Jumapili moja nilikuwa sebuleni pale napandisha pindo la gauni la jirani. Walikuja mume na mke, wameshupaliana tangu asubuhi, mchana ukawakuta hawajaafikiana, na Nisimulie naye ameshafika, amekaa mlangoni. Mama alikuwa amewangoja waondoke, hawakuondoka. Akanitazama, akaitazama saa, akachukua kidonge chake cheupe mbele ya wote, akakimeza na maji. Shauri likaendelea. Mume anaongea, mke ameanza kufuta machozi. Nikawa nahesabu moyoni, nikijua kitakachotokea, nimeshika sindano yangu hewani.

Mama akainuka.

Mke akanyamaza, kama Mama alivyosema siku zote kwamba watu hunyamaza. Mama akaweka mkono begani kwake. "Usiondoke," akamwambia. "Mimi nina moyo mgonjwa, nimekunywa dawa ya maji, nakwenda msalani. Nitakwenda na nitarudi, labda mara tatu. Mnisubiri." Kisha akamgeukia mume. "Na wewe, nikirudi utanisimulia asubuhi yenu upya, tangu mlipoamka. Maana hapo katikati kuna kitu umeruka."

Nisimulie alikuwa ameshasimama. Akamfungulia mlango mkwewe, macho chini, kama adabu inavyotaka. Mama akapita karibu yake, mtandio kwenye nyusi, akanyoosha mgongo. Nje pazia langu likatikisika kidogo. Bawaba hazikulia.

Nikataka kumtania shemeji yangu, maana nafasi kama hiyo siiachi. Nikainua uso, nikakuta mtu mzima, mrefu, mwembamba, ameshika kitasa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Shemeji," nikamwambia polepole, "hebu nisimulie."

Akatikisa kichwa, hakuweza. Mume na mke wakatazamana, na hakuna aliyeondoka. Tukakaa wote tukimsubiri Mama.